Kapeti Ndiyo Iliyokuwa Ikinywa Maji

Mama ndiye aliyegundua, na aligundua kwa soksi.

Tulikuwa tumetoka Turbo alfajiri, namleta Nakuru akae nami wiki mbili. Tulipofika Timboroa akataka tusimame anunue viazi na karoti kwa wale kina mama wa kando ya barabara. Mvua ilikuwa ya rasharasha, ukungu umelala juu ya lami. Alifungua mlango, akatoa mguu mmoja nje, kisha akaurudisha ndani na kuutazama.

"Wewe, hili gari lako limenikojolea."

Nilicheka. Nilidhani chupa ya maji imemwagika chini ya kiti. Lakini alipovua kiatu na kunipa ile soksi niikamue, vidole vyangu viliteleza. Maji ya kawaida hayatelezi hivyo. Yale yalikuwa kama maji ya mwisho ya kuoshea sufuria ya mafuta, yana rangi ya waridi kwa mbali, na yananukia utamu, kama peremende iliyosahaulika mfukoni hadi ikayeyuka. Harufu hiyo nilikuwa nayo garini tangu Pasaka. Nilikuwa nimemlaumu mwanangu, nikapekua viti nikitafuta juisi iliyomwagika, nikanunua hata kile kikopo cha manukato cha kuning'iniza kwenye kioo.

Kumbe.

Ni lazima nirudi nyuma kidogo. Kwa miezi miwili gari langu, stesheni wagoni ndogo iliyotoka Japani ikiwa na miaka saba, lilikuwa linapoteza maji. Si mengi. Nilikuwa nimeweka alama kwa rangi ya kucha kwenye ule mtungi mdogo wa akiba wa rejeta, alama nyekundu kabisa, na kila Jumamosi asubuhi kabla injini haijashika moto nafungua boneti naangalia. Wiki ya kwanza yameshuka upana wa kidole kimoja. Wiki ya pili, vidole viwili. Najaza, yanashuka. Chini ya gari sementi kavu kabisa. Nilitandika gazeti usiku, na asubuhi gazeti likaamka jinsi lilivyolala.

Fundi wa kwanza alibadilisha kifuniko cha rejeta, na sina ugomvi na hilo, kwa maana kifuniko kilichochoka hupoteza maji kweli. Fundi wa pili hakufungua chochote. Alizunguka gari mara moja, akasikiliza injini ikinguruma, akaniambia, "Madamu, nipatie namba ya mzee niongee naye." Gari ni langu. Mkopo wake nililipa mimi, kutoka mshahara wa duka la dawa, hadi senti ya mwisho. Lakini alimpigia mume wangu, akamwambia gasketi ya hedi, ile ya kuziba kati ya kichwa cha injini na bloku yake, imekwenda, shilingi 38,000, na tukichelewa injini itakufa. Mume wangu, ambaye anajua magari kama mimi ninavyojua kuchunga ngamia, akaanza kutafuta hizo pesa.

Ninachojua leo, na ambacho yule bwana angeweza kunionyesha kwa dakika kumi, ni kwamba gasketi ya hedi ikiungua kwa kawaida haifichi. Mara nyingi moshi wa nyuma unakuwa mweupe na hauishi hata injini ikipata moto. Oili inaweza kugeuka rangi ya chai ya maziwa, na ukifungua kifuniko chake unakuta utando kama malai. Rejeta nayo hutoa mapovu injini ikinguruma, kwa sababu gesi ya mlipuko inapenya kwenye maji. Langu halikuwa na dalili hata moja. Oili ilikuwa nyeusi safi, kama kahawa ya matangani.

Basi maji yalikuwa yanaenda wapi? Wote tulitafuta chini ya gari na ndani ya injini. Hakuna aliyetafuta mahali watu wanapokaa.

Wengi wetu tunadhani hita ya gari ni waya unaopata moto, kama ule wa jiko la umeme. Sivyo. Nyuma ya dashibodi, pale katikati karibu na miguu, kuna rejeta nyingine ndogo, ukubwa wa kitabu cha hesabu cha darasa la nane. Paipu mbili zinapenya bati linalotenganisha injini na abiria: moja inaleta maji moto kutoka kwenye injini, nyingine inayarudisha. Feni inapuliza hewa kupitia hiyo rejeta, hewa inapata joto, unaota moto. Kwa hiyo maji yale yale yanayopata moto kule mbele yanapita sentimita chache kutoka magotini mwa abiria wako. Na katika magari mengi yanapita muda wote, hata kama hujawahi kuwasha hita tangu ununue gari. Kile kidude cha kuchagua joto au baridi kinasogeza tu kilango cha hewa.

Naandika hili kwa sababu kila nilipotaja hita, watu walinicheka. Hita ya nini, Kenya? Mtu wa Kisumu ana haki ya kucheka. Lakini anayeishi Molo, au anayepita Mau Summit saa kumi na moja alfajiri mwezi wa Julai, hachekani na hita.

Kurudi kwenye ile asubuhi ya soksi. Kabla hatujafika Timboroa, kioo cha mbele kilikuwa kimejaa ukungu kwa ndani. Nikafanya kama kila mtu anavyofanya: nikawasha hewa moto, nikaielekeza kwenye kioo. Kikazidi. Kadiri feni ilivyopuliza ndivyo nilivyozidi kuwa kipofu. Mama alichukua leso akapangusa, na leso ikaacha michirizi ya mafuta, taa za malori zikageuka nyota zilizochanika. Niliendesha kilomita kadhaa nimeinamisha kichwa natazama kupitia sehemu moja safi iliyotosha kiganja. Nisingependa kurudia. Na hiyo ndiyo dalili ambayo ningepaswa kuisoma mapema: ukungu wa kawaida hukimbia hewa moto, lakini ukungu wa rejeta ya hita inayovuja huletwa na hiyo hewa yenyewe. Feni ilikuwa inapuliza mvuke wa kulanti, ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta, kwenye kioo changu, na kwenye mapafu yetu.

Kuna jambo jingine kuhusu mlima ule wa Timboroa. Nakuru tuko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na maji ya kawaida huku yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100. Timboroa ni zaidi ya mita 2,700, yanachemka kwenye 91. Injini yenyewe inapenda kufanya kazi karibu na 90. Kinachozuia maji yasichemke ni kule kufungiwa kwa presha, kazi ya kifuniko, pamoja na kulanti iliyochanganywa ndani. Sasa kama mfumo una tundu, presha haishiki, na kama umekuwa ukijazia maji ya mfereji kama mimi, kulanti imeshapungua nguvu. Mshale wangu wa joto ulianza kupanda tukiwa karibu kabisa na kilele. Tulisimama kwa ajili ya viazi, nasema, lakini hata viazi visingekuwapo tungesimama.

Nilishuka Nakuru polepole, hita nimezima, vioo vya dirisha vimefunguliwa, Mama amejifunika leso tatu na miguu ameipandisha kwenye kiti.

Fundi wa tatu nilielekezwa na mteja wa dukani. Ni mzee, ana kibanda cha mabati kwenye eneo la mafundi wa jua kali huku kwetu, na kazi yake kwa miaka mingi imekuwa rejeta tu, kuziba na kulehemu, tangu zile za shaba za malori ya zamani. Nilimweleza yote, harufu, kioo, soksi. Hakuuliza namba ya mume wangu. Aliinua kapeti upande wa abiria, akabonyeza ule unene wa chini, maji yakapanda kati ya vidole vyake kama sifongo. Akachukua karatasi nyeupe ya tishu akaipachika pale. Ikageuka waridi.

"Binti yangu, hii si maji ya kiyoyozi," alisema. "Ya kiyoyozi ni kama ya mvua. Hayana rangi, hayana harufu, hayatelezi. Yale ni mpira tu umeziba, unazibua, unaenda nyumbani. Haya ni damu ya injini."

Akapeleka kidole puani, akanusa. Nilimzuia kabla hajakipeleka mdomoni, maana nimeona mafundi wakionja. Hapa niseme kama mtu wa dawa: kulanti nyingi ni ethilini glikoli, ni tamu, na ni sumu. Mwilini inavunjwavunjwa kuwa asidi zinazotengeneza fuwele ndani ya figo. Mbwa hufa kwa kulamba kiasi kidogo sana. Mtoto naye hupenda kitamu. Mzee alinisikiliza, akapangusa kidole kwenye ovaroli. "Basi nimekula sumu miaka thelathini," akasema, na akaendelea na kazi.

Kifaa chake cha kupimia kilinifurahisha kuliko mashine yoyote ya kompyuta. Alikuwa amechukua kifuniko kizee cha rejeta, akakitoboa katikati, akalehemu vavu ya tyubu ya baiskeli. Juu yake anafunga pampu ya baiskeli yenye geji. Injini ikiwa baridi kabisa, kwa maana rejeta ya moto haifunguliwi, itakubabua uso, alikifunga kile kifuniko na kuanza kupampu taratibu. Kifuniko chetu halisi kimeandikwa 1.1, presha kwa bar, ambayo kwa geji ya magurudumu ni kama PSI 16. Yeye aliishia 15. Kuzidisha, alisema, ni kutafuta tundu la pili.

Kisha akaomba jirani yake azime mashine ya kuchomelea. Akafungua mlango wa abiria, akaingiza kichwa chini ya dashibodi, akakaa kimya. Mimi nilikuwa nashika geji. 15. 14. Dakika tano, 12. Chini ya gari, kukavu. Kwenye pampu ya maji, kukavu. Paipu za mbele zote kavu, na alizipitia moja moja kwa mkono. Ilipofika 9 alinivuta mkono nisikilize. Ilikuwa sauti ndogo sana, kama ya soda iliyofunguliwa jana. Tone moja la waridi likatoka kwenye ukingo wa kisanduku cha hita, likaning'inia, likaangukia kapeti.

Miezi miwili nilikuwa namtafuta huyo.

Alinipa njia mbili na kunikataza ya tatu. Ya tatu ni ile poda ya kuziba inayouzwa kwenye maduka ya vipuri, na binamu zake wa nyumbani, yai na pilipili manga. "Poda haina macho," alisema. "Haijui tundu ni lipi na mshipa ni upi." Mirija ya rejeta ya hita ni myembamba mno, na ndiyo ya kwanza kuzibwa.

Njia ya kwanza ilikuwa kubaipasi. Unachomoa zile paipu mbili zinazoingia kwa abiria, unaziunganisha zenyewe kwa zenyewe na kipande cha paipu cha milimita 16 na klipu mbili, maji yanazunguka na kurudi kwenye injini bila kupita ndani. Kazi ya nusu saa, shilingi 600. Nilikubali siku hiyo hiyo, kwa sababu kipuri hakikuwapo. Na ninajua magari mengi Nakuru yanatembea hivyo miaka nenda rudi, wenyewe hawajui hata kama hita yao ilishakatwa zamani na mwenye gari wa kwanza.

Mimi nilivumilia wiki tatu. Mjini hakukuwa na shida. Shida ilikuwa kumrudisha Mama nyumbani. Ukungu wa kioo unaweza kuupunguza kwa kiyoyozi, kwa sababu kinakausha hewa, lakini kukaa na kiyoyozi Burnt Forest saa kumi na mbili asubuhi pamoja na mama mwenye miaka 71 ni kutafuta laana. Kuna aliyenishauri nipake kioo kiazi kilichokatwa. Nilipaka. Kilisaidia kidogo, na gari likanuka kama jikoni la chipsi.

Kwa hiyo tukaenda njia ya pili, ya kung'oa dashibodi.

Watu wanaogopa maneno hayo na wana haki. Mzee alimwita kijana wake, wakaanza kwa kuchomoa betri na kusubiri, kwa sababu mifuko ya hewa ya usalama hubaki na umeme kwa muda baada ya betri kutoka, na mtu akigusa waya wake vibaya inamlipukia usoni. Walisubiri hadi chai ikaisha. Kisha spana namba kumi, bisibisi, na trei za mayai. Trei za mayai! Kila shimo skrubu zake, na kando ya shimo ameandika kwa chaki zilikotoka: redio, kona ya kushoto, chini ya usukani. Kijana alipiga picha kila plagi ya waya kabla ya kuichomoa. Saa sita mchana gari langu lilikuwa fuvu. Kule ndani nilikuta kalamu mbili, sarafu ya yeni 100, na kitambaa cha karatasi chenye maandishi ya Kijapani.

Bahati yangu, gari hili rejeta ya hita inavutwa kwa ubavu, paipu za gesi ya kiyoyozi haziguswi. Kuna magari ambayo kisanduku kizima hutoka, na gesi lazima itolewe na kurudishwa kwa mashine; hapo bei inaruka.

Ilipotoka, niliiona kwa mara ya kwanza. Pembeni, pale mirija inapoungana na tangi la upande, kulikuwa na ukoko mweupe wenye kijani, kama chumvi iliyokauka kwenye jiwe. Hapo ndipo ilipokuwa inavuja. Ni ya alumini, kwa hiyo Mzee hakuweza kuilehemu kama zile za shaba za ujana wake. Nikamwomba aikate. Akachukua msumeno wa chuma, akaipasua katikati, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi. Nusu ya mirija ilikuwa imejaa kitu cha rangi ya hudhurungi, kigumu, kama ukoko wa ugali chini ya sufuria. Chini yake tope la kutu.

"Nani aliweka poda humu?"

Sikuweka mimi. Nikamkumbuka fundi wa kwanza, siku ya kifuniko, alivyonituma nikanunue airtime na niliporudi alikuwa anafunga boneti.

Lakini tope la kutu ni langu. Miezi miwili ya maji ya mfereji, na siku zingine ya kisima. Sisi watu wa Nakuru tunayajua maji yetu. Floridi yake imewapaka meno rangi ya kahawia watoto wa vizazi kadhaa, na birika lolote la hapa ukilichungulia ndani utaona magadi yalivyoganda. Nikayamimina hayo hayo kwenye mirija ya alumini nyembamba, nayachemsha kila siku, kisha nashangaa. Kulanti si rangi ya kupendezesha maji. Ndani yake kuna dawa za kuzuia kutu, nazo huisha, na hupunguzwa kila unapojazia lita ya mfereji.

Rejeta nyingine tuliipata kwa muuza vipuri vilivyotumika Japani, shilingi 4,500. Mzee hakuiamini hadi alipoiziba upande mmoja, akaizamisha kwenye ndoo, na kuipampu. Tulikodoa macho kwenye ndoo ile kama watu wanaotazama penalti. Hakuna povu. Akaiweka, na safari hii alibadilisha zile paipu mbili pia, maana mpira wake ulikuwa umekakamaa na ukiubinya unalia.

Kabla ya kujaza walisafisha mfumo wote kwa mpira wa bustani, maji yakisukumwa kinyumenyume, kwanza yakatoka kama chai, kisha kama maji ya muwa, mwisho meupe. Ndipo ikaingia kulanti nusu kwa nusu na maji ya betri, yale yaliyochujwa chumvi yote yanayouzwa kwenye vituo vya mafuta, si asidi. Gari likapandishwa pua kwenye tuta la mawe, hita imewekwa joto la mwisho, kifuniko wazi, injini inanguruma, na kijana anabinya paipu ya juu taratibu. Bluku, bluku. Hewa iliyonaswa ilitoka kwa dakika ishirini hivi. Ukiruka hatua hiyo, alisema Mzee, utarudi kesho ukilia kuwa hita ni baridi na mshale uko juu, na utadhani nimekuibia.

Kazi yote ilichukua siku moja na nusu, na ufundi ukanigharimu shilingi 7,000. Skrubu moja ilibaki kwenye trei. Kijana alisema haina kazi. Tangu hapo kuna mahali nyuma ya redio panapolia tik-tik kwenye barabara mbovu, na mimi ninajua ni nini.

Kapeti ndiyo iliyonisumbua zaidi. Kulanti haikauki kama maji. Inavuta unyevu wa hewani na kubaki imelowa. Niliitoa yote pamoja na ule unene wa chini, nikaiosha kwa sabuni mara tatu, nikaianika juu ya ua siku nne, na siku ya kwanza nilikaa na fimbo kumfukuza mbwa wa jirani.

Mwezi uliopita nilimfuata Mama tena. Timboroa ukungu ulikuwa pale pale, na kina mama wa viazi pale pale. Nikawasha hita, kioo kikafunguka kutoka chini kwenda juu kama pazia. Baada ya kilomita mbili akasema nizime, anaungua miguu. Nilipofika nyumbani nikafungua boneti asubuhi yake injini ikiwa baridi, na maji yalikuwa yamelala sawasawa na ile alama ya rangi ya kucha.

Mama hajaliamini gari bado. Kwenye mkoba wake, kando ya Biblia na dawa za presha, kuna soksi za ziada.